Jibu Nililolipeleka Mwezini

Siwezi kuandika nimekaa. Kompyuta yangu iko juu ya friji mbovu jikoni, naandika nimesimama, na kila baada ya aya mbili tatu natoka nje nazunguka nyumba. Majirani wa hapa Mitwero wameshanizoea. Zamani walikuwa wananiuliza, "Mama, umepoteza nini?" Siku hizi wanauliza, "Leo wamefika wapi?" maana wanajua nina watu wangu huko juu, na wakiniona nazunguka kwa kasi wanajua kuna mtu kaishiwa hewa.

Kazi yangu ni kutunga riwaya za sayansi ya kubuni: vyombo vya angani, mitambo inayofikiri, watu waliohamia sayari nyingine. Mwaka wa kumi na tisa huu inanilisha, na mpaka leo nusu ya Lindi inaamini naandika habari za majini. Nikisema jamani, hawa ni binadamu, ila wanaishi mbali, naambiwa, "Sasa hao si ndio majini wenyewe?" Nilikuwa nabishana mpaka mishipa ya shingo inanitoka. Nimeacha. Mtu akiniuliza siku hizi namjibu ndiyo, majini, tena wakorofi.

Siku yangu haina mbwembwe. Nikishasali alfajiri nabandika chai, nasoma nilichoandika jana, nakasirika, nafuta nusu. Asubuhi ikipanda nampigia mwalimu mmoja wa fizikia, mtu mvumilivu kunizidi, namwuliza maswali yangu ya ajabu: barafu yenye unene wa kilomita ishirini inatoa sauti? Maji yaliyo chini yake yanatembea? Ananijibu huku nasikia wanafunzi wanapiga kelele nyuma yake. Halafu nazunguka nyumba. Kila Ijumaa baada ya swala natuma sura moja kwenye kundi la wasomaji wangu la simu, wanaichambua, wananisema kidogo, wananisifu kidogo. Sura zikitimia, mhariri wangu wa Dar es Salaam anazikusanya, anazipangua, tunatoa kitabu. Basi. Sijawahi kushushiwa hadithi na malaika. Ni kusimama, kufuta na kuzunguka.

Kitabu ninachotaka kukisimulia kilihusu watu waliozaliwa chini ya barafu, kwenye mwezi wa sayari moja kubwa ya mbali. Kizazi cha tano hicho, jua hawajaliona. Wanachimba barafu, wanaiyeyusha, wanapata maji na hewa. Nilikuwa nimepanga kila kitu: taa, mwani wa kula, mgawo wa joto. Pampu peke yake nilikuwa na daftari lake zima. Nikampelekea mhariri sura kumi na moja nikiwa nimejaa maringo, akanipigia.

"Dada, mitambo iko safi," akasema. "Lakini watu wako hawana kwao. Vizazi vitano wako huko, hawaozani, hawazikani, hawana ngoma, hawana mwiko. Utadhani wameshuka kwenye lori juzi."

"Ngoma watachezea wapi? Hewa yenyewe ya mgawo."

"Basi waibane hiyo hewa, wacheze."

Nilikata simu kwa hasira, na kilichonikera zaidi ni kwamba alisema kweli. Wiki tatu nilikwama. Nilibuni sherehe, nikaifuta. Nilibuni sala, nikaifuta. Nilizunguka nyumba mpaka kukawa na njia, nyasi zimekufa. Nilikwenda mpaka ufukweni na kurudi, nikapika nikaunguza, nikagombana na muuza samaki ambaye hakunikosea chochote. Mtunzi aliyekwama hafai kukaa na watu, na mimi hata nisipokwama sifai sana.

Halafu siku moja mchana umeme ukakatika, betri ikabaki na saa moja na kitu, na vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Nilimwandika binti wa kizazi cha tano ambaye anakaribia kukabidhiwa ufunguo wa lango la maji. Wanawake wakubwa wanamchukua, wanamweka siku saba kwenye chumba cha pampu, wanamfunza. Sura nzima niliiandika kwa pumzi moja. Betri ilipokata, nilikuwa nimemaliza.

Nisijikoshe. Nilijua ninachokiandika. Nilikuwa naandika unyago, mafunzo tunayopewa wasichana wa huku tunapochezwa, tukiwekwa ndani mikononi mwa wanawake wakubwa, na mambo ya ndani hayatoki. Ila nilibadilisha. Ngoma nikaifanya mapigo ya pampu. Ua wa makuti nikaufanya pazia la chuma. Kanga zikawa mavazi ya kutokea nje ya barafu. Vitu ambavyo hata mpita njia anaviona nilivibadilisha vyote, nikajiona hodari.

Sasa, ndani kuna swali. Nyakanga, yaani yule mkubwa wa mafunzo, anamwuliza mwali, na mwali hajui. Anaachwa na kutojua kwake siku zote hizo, kunamuuma, kunamkosesha usingizi, mpaka siku ya mwisho ndipo anapewa jibu. Swali ni fupi, jibu ni fupi zaidi. Hapa sitaandika hata neno lake moja, kwa hiyo msinisumbue. Kwenye sura yangu nilijaribu kulibadilisha hilo jibu. Nilibuni manne mengine, yote yakawa ya karatasi, ukiyagusa yanachanika. Ndipo nikaandika lile lenyewe. Nikajiambia, kwenye mwezi usio na udongo, kwa watu ambao hawapo, hili litakuwa la nani?

Ijumaa nikaituma. Loo! Wasomaji walichachamaa. Mmoja alisema amesoma akiwa kazini amelia mbele ya wateja. Mhariri akapiga simu anacheka peke yake.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakililia! Lile jibu umelitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kitunze hicho kichwa, dada."

Nilizunguka nyumba jioni ile kwa mwendo wa bibi harusi. Lakini sikuifungua tena ile sura, na nilijitia sijui kwa nini.

Jumatatu dada yangu akanipigia kutoka Mtama. Dada yangu huyu ni mkubwa wangu, tumechangia ziwa moja, na hajawahi kunipigia simu bila salamu. Siku hiyo hakusalimia.

"Wewe una akili kweli? Nakuuliza, una akili?"

Nikamwuliza kuna nini. Akalia kwanza, halafu akanieleza. Alikuwa na wanawake wenzake uani kwake wanabangua korosho. Binti yake, wa miaka kumi na tatu, ana kawaida ya kuwasomea hadithi zangu kwenye simu ya mama yake huku wao mikono inafanya kazi. Anajivunia mama yake mdogo, mtoto wa watu, anasoma kwa madaha. Siku hiyo akasoma sura yangu mpya. Alipofika kwenye swali, mikono ikasimama. Yeye akadhani hadithi imewakolea, akapaza sauti. Akasoma na jibu.

"Hajachezwa!" dada yangu akasema. "Mtoto hajachezwa, kasimama mbele ya watu wazima kalitamka! Tena huku anacheka!"

Nilikaa chini. Mimi niliyesema siwezi kukaa, nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni.

Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, na binti yule alikuwa achezwe likizo ile na wenzake saba aliokua nao. Kanga zilishanunuliwa. Lakini mwali aliyeingia na jibu mkononi utamwuliza nini? Hakuna cha kumfunza, maana mafunzo yote yanasimama juu ya kule kutojua. Wakubwa walikuwa wameshasema hivyo, palepale, kwenye maganda ya korosho: wenzake wataingia, yeye hapana. Si mwaka huu wala mwaka mwingine. Na asiyechezwa kwetu, hata azae watoto kumi, kwenye shughuli za wanawake anahesabiwa pamoja na watoto. Mwenziwe akijifungua, yeye anasubiri uani. Mambo yakizungumzwa, yeye anaambiwa akachote maji.

"Nipe niongee naye," nikamwambia dada.

Binti akashika simu. "Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu."

"Mama mdogo, nimekosea kusoma wapi? Wamenyamaza tu, wakaninyang'anya simu. Hawaniambii."

Nilitamani ardhi inimeze. "Hukukosea," nikamwambia. "Umesoma vizuri." Akaniuliza mbona mama analia. Nikasema anaumwa na kichwa. Mtunzi mzima, miaka yote ya kubuni, nikaja na kichwa.

Cha kwanza nilichofanya ni kufuta sura kwenye kundi. Kazi bure, ilishasambaa mpaka kwa watu nisiowajua. Cha pili nikampigia mhariri nimwambie aitoe kitabuni.

"Aitoe nani?" akasema. "Dada, ile ndiyo kitabu chenyewe."

"Naomba uitoe."

"Nipe sababu."

Na sababu sikuwa nayo. Tuseme ninayo, lakini nimwambie nini, yeye mwanamume? Nikisema jibu lile ni la kweli, nitakuwa nimelitoa mara ya pili, tena safari hii kwa makusudi. Nikikataa kusema, ataona mtunzi kachanganyikiwa. Nikababaika.

"Fizikia haiko sawa," nikamwambia. "Shinikizo la ile pampu. Chumba kile kingepasuka."

Nikasikia anaandika. "Sawa, ntaulizia."

Kesho yake akapiga amefurahi. Amemtafuta yuleyule mwalimu wangu wa fizikia, ambaye namba yake nilimpa mwenyewe kwa kimbelembele changu, na mwalimu amepiga hesabu. Chumba hakipasuki. "Iko sawa kabisa, dada, usijitie presha." Nilitaka kuitupa simu chooni.

Nikaenda Mtama. Nyakanga aliyekuwa awacheze wale mabinti ni mama yetu mkubwa, dada wa marehemu mama. Ndiye aliyenicheza mimi. Ndiye aliyemcheza dada yangu, na karibu kila mwanamke wa umri wetu maeneo yale, kutoka Mtama mpaka vijiji vya kuelekea Rondo. Ngoma ya unyago ilikuwa inakaa chumbani kwake, kwenye pembe, imefunikwa kanga, tangu sijazaliwa. Kwetu mwali akiharibu, anaulizwa aliyemfunza. Nilijua lawama za kwangu zinamwangukia yeye.

Nilimkuta anafagia chini ya mikorosho yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Sijala."

"Twende ukale." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningejua pa kujishikia. Alinipakulia ugali na mboga, akakaa kunitazama nakula, mpaka nikashindwa kumeza.

"Mama, nimekosa," nikasema.

"Nimesikia." Akatoa punje ya mchanga kwenye kanga yake. "Ulishindwa kubuni lingine?"

Jamani, nimesemwa maishani mwangu. Nimeandikwa vibaya na watu ambao hawajanisoma. Nimeambiwa nimelaaniwa, nimeambiwa nimekufuru. Hakuna neno lililoniingia kama lile. Alisema kwa upole, alikuwa anataka kujua tu.

"Nilibuni manne," nikamwambia.

"Yakawaje?"

"Hayakufaa."

"Eeh," akasema, na akaangalia pembeni. Nikaona kama alitaka kucheka. Mpaka leo sina hakika.

Nikamwambia nitakwenda mbele ya wakubwa nipokee adhabu yoyote. Wanifungie mlango wa shughuli zote, wanitoze mbuzi, wanirudishe ndani upya nikae chini na watoto, mimi mwenye mvi. Nitakubali, ila mtoto aingie na wenzake.

"Ukiadhibiwa wewe," akaniuliza, "mtoto atasahau alichokisoma?"

Akaondoa sahani. Akaniambia nilale pale, kesho kutwa wakubwa wanakutana.

Siku mbili zile nilikuwa kero tupu. Sikuweza kukaa, sikuweza kulala mchana, sikuweza hata kupika bila kuacha sufuria na kwenda barabarani kutazama magari yanayokwenda Lindi. Dada yangu hakusema na mimi. Binti alikuwa anakuja, anakaa karibu, ananiuliza watu wa barafu wamefanyaje, yule msichana amepewa ufunguo au hajapewa. Alikuwa anangoja Ijumaa kama wasomaji wengine. Nikawa namwambia bado sijajua, na ilikuwa kweli. Mwenzake mmoja alipita na kanga zake mpya kumwonesha. Binti akazisifu, akazipapasa, akamweleza za kwake zikoje, akamwuliza hizo pindo kazishona nani. Alikuwa bado hajaambiwa kwamba haingii. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Tulikutana baada ya adhuhuri, nyumbani kwa mmoja wao. Watoto walifukuzwa mpaka ng'ambo ya barabara, redio ikazimwa, madirisha yakafungwa tukachemka humo ndani. Walikuwa wanawake kama ishirini. Mwenye neno alikuwa mama mmoja wa Rondo, mkubwa kuliko wote, rozari shingoni, sauti nzito. Wengine walianza kwa bismillahi, yeye akafanya ishara ya msalaba, kikao kikaanza. Mimi nilikaa mkekani katikati, miguu nimeinyoosha, kichwa chini. Dada yangu alikaa mbali nami.

Mama wa Rondo hakuzunguka. Akasema kilichotokea wote wanakijua. Mtoto analo jibu. Dunia nzima inalo jibu, liko kwenye masimu. Huyu aliyelitoa anajulikana, na aliyemfunza anajulikana. Mtoto hawezi kuingia. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Mimi nikainua kichwa. "Mimi nina—"

"Wewe umeshasema," mama mkubwa akanikata. "Umesema mpaka mwezini. Tulia."

Wawili watatu wakaguna. Yeye akajisogeza mbele, akajifunga kanga yake vizuri, akasema kwa sauti yake ileile ya kuulizia chakula.

"Hilo alilolisoma mtoto si jibu."

Waliokuwa wanajipepea kwa kanga wakaacha.

"Huyu," akanionesha kwa kidevu, "ameandika nilichomfunza mimi. Na mimi nilimfunza vibaya. Nilikuwa mdogo nilipopewa ngoma, jibu sikulishika vizuri, nikaona aibu kuuliza. Nikaendelea hivyohivyo. Kwa hiyo kilichoko kwenye masimu si chetu, ni makosa yangu. Mtoto hajui kitu. Anaweza kuingia."

Ulikuwa uongo. Wote mle ndani tulijua ni uongo, maana nusu ya wale wanawake aliwacheza yeye, kwa jibu lilelile, na nusu nyingine walikuwa wamekaa naye ndani wakilisikia miaka yote. Mwanamke mmoja kijana pembeni yangu akasema, "Lakini mama, mbona hata sisi ulitu—"

"Nyamaza!" Mama wa Rondo alisema bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa mama mkubwa. Walitazamana, wazee wawili.

"Kwa hiyo jibu hulijui," mama wa Rondo akasema.

"Silijui."

"Miaka yote hiyo ngoma iko kwako, hulijui."

"Silijui."

"Sema wasikie wote."

"Silijui," mama mkubwa akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni.

Nilifungua mdomo tena. Nilitaka kusema anadanganya, niseme yeye ndiye anayelijua kuliko sote, niseme nichukueni mimi. Dada yangu ndiye aliyeniwahi. Alikuwa amenisogelea bila mimi kujua, akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Nikamtazama. Alikuwa analia, anatikisa kichwa kuniambia hapana. Binti yake alikuwa ameshaingia, na neno langu moja lingemtoa. Nikanyamaza. Ninajuta, na ningekuwa pale tena leo ningenyamaza vilevile.

Asiyelijua jibu hawezi kukaa na ngoma. Hilo halikuhitaji kujadiliwa. Waliifuata jioni ileile kabla ya magharibi, wanawake wanne, wakaitoa pembeni mwa chumba chake wakaenda nayo. Mama mkubwa aliwasaidia kuipitisha mlangoni, maana mlango ni mwembamba na yeye ndiye aliyejua namna ya kuipindua. Waliibeba na ile kanga iliyokuwa inaifunika. Akawaambia waiangalie, upande mmoja ngozi imelegea.

Lakini uongo wake ulikuwa na mkia, na yeye aliuona kabla yetu. Kama lile lilikuwa si jibu, basi lazima jibu liwepo jingine. Mama wa Rondo na wakubwa wenzake walijifungia siku mbili wakalitafuta. Kama walilibuni, kama walikumbuka la mababu, sijui. Wengine aliowacheza mama mkubwa waliitwa baadaye wakapewa hilo jipya. Mimi sikuitwa, kwa sababu nimefunzwa vibaya na nikaandika. Mama mkubwa hakuitwa, kwa sababu hajui.

Nilirudi Mitwero. Nikasimama mbele ya friji, nikampigia mhariri, nikamwambia sura ibaki. Akafurahi, akaniuliza ile pampu je, nikamwambia mwalimu yuko sahihi. Kitabu kimetoka na sura yake, na kila ninapokwenda kuzungumza na wasomaji wananiuliza ile mila ya chumba cha pampu niliibuni vipi. Nawaambia ni ya kubuni. Sasa ni kweli, hakuna mahali popote duniani inapofanyika. Nasema hivyo halafu naomba maji ya kunywa, nasimama, nazunguka ukumbi, wananiona mtu wa vituko.

Siku mabinti walipotolewa ndani nilikwenda. Binti alikuwa mmoja wa wale wanane. Kulikuwa na shughuli kubwa, watu walikuja hata kutoka Lindi mjini, vijana wanapika pilau uani kwa masufuria makubwa. Wanawake walipoitwa ndani kwa ajili ya yale ya mwisho, mimi na mama mkubwa tuliinuka na wenzetu, mazoea tu. Mlangoni alisimama yule mwanamke kijana aliyenyamazishwa siku ya kikao. Alikuwa na adabu zake zote.

"Shikamoo bibi. Naomba mngoje nje kidogo."

"Marahaba mwanangu," mama mkubwa akasema, wala hakusita.

Tukakaa kwenye benchi la wanaume, karibu na masufuria. Wazee wa kiume wakatusogezea nafasi bila kutuuliza kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Watoto wanakimbizana mbele yetu. Sote wawili tulijua ndani wamefikia wapi, maana tumewahi kukaa mle: sasa wanapakwa, sasa wanasimamishwa, sasa ni swali. Halafu sauti ya binti yetu, nyembamba, maneno hayasikiki. Halafu vigelegele, nyumba nzima.

Kalijibu. Kaingia na wenzake na katoka na wenzake. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, machozi yalinitoka mbele za watu.

Mama mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Vigelegele vilipopungua akanigeukia, akasema polepole ili wanaume wasisikie.

"Wewe ndiye fundi wa kubuni. Unadhani kawajibu nini?"

Nilifungua mdomo. Nilitafuta, wallahi nilitafuta, na halikuja hata moja.

"Sijui, mama."

"Hata mimi," akasema, na safari hii ilikuwa kweli.